Salamu Iliyoingia Kwenye Picha ya Gego

Tangu nikiwa na miaka tisa sijafungua mdomo mbele ya mtu kabla ya kuangalia mlango uko wapi. Hata nikipiga miayo nafunika kwa viganja viwili. Wapo wanaodhani ni adabu. Ni woga tu, na woga wangu una ladha: ladha ya peremende iliyochanganyika na chokaa.

Nilikuwa darasa la tatu nilipoanguka kutoka juu ya ukuta wa shule, jino la mbele likang'oka na mzizi wake. Mama alinipeleka kwa tabibu mmoja ambaye alisema atanitengenezea jino la kubandika, ila kwanza lazima achukue umbo la kinywa. Akakoroga unga wa rangi ya waridi kwenye bakuli la mpira mpaka ukawa uji mzito, akaujaza kwenye trei ya chuma iliyopinda kama kwato, akanisukumia mdomoni. Uji ule uliteleza kwenda nyuma, juu ya ulimi, ukafika pale ambapo kitu kikifika mwili wote unakataa.

"Pumua kwa pua," tabibu alisema. "Pua si unayo?"

Pua nilikuwa nayo, lakini nilikuwa nimelia njia nzima kutoka nyumbani na ilikuwa imeziba. Sikuweza kumwambia. Mahali pa kusemea palikuwa pamejaa uji unaoganda. Nikatupa mikono, na mikono ikakamatwa. Aliyeikamata alikuwa mama. Nakumbuka vidole vyake vilivyonibana hadi mfupa, na nakumbuka kwamba muda wote ule aliangalia kalenda iliyokuwa ukutani. Hakuniangalia mimi hata mara moja mpaka trei ilipotolewa na nikaweza kuvuta hewa kwa sauti kama ya pampu iliyokauka.

Jino lile la kubandika lilitengenezwa, sikuwahi kulivaa. Pengo ninalo mpaka leo. Na mimi na mama hatukuwahi kuizungumzia siku ile, ingawa tumeendelea kuishi pamoja hapa Mfaranyaki, Songea, tukila kwenye meza moja.

Woga haukuishia kwenye pengo. Mswaki ukifika kwenye meno ya nyuma nakaukiwa pumzi, kwa hiyo magego yangu sikuyasafisha vizuri miaka yote. Yalikuwa yakioza polepole bila kunisumbua, hadi mwaka jana mwezi wa sita, siku zile ambapo baridi ya Songea inaingia mpaka ndani ya mto wa kulalia. Mama alikuwa amepika kande. Nilitafuna, nikasikia mlio ndani ya kichwa kama kijiti kikavu kinachokanyagwa, na kwenye kijiko nikatema vitu viwili: jiwe dogo jeusi, na nusu ya gego langu la chini, la kulia.

Mama aliangalia kijiko. Akasema, "Maharage niliyachambua mwenyewe." Kisha akaondoa sahani.

Nilivumilia siku nne. Siku ya tano shavu lilikuwa limevimba kiasi kwamba dereva wa bodaboda aliniuliza kama nina pipi mdomoni. Alinishusha Msamala, kwenye kliniki ndogo ya meno yenye madaktari wawili.

Mmoja alikuwa mzee, mwenye kliniki, mtu wa mikono mikubwa. Wa pili alikuwa kijana wa rika langu, mzaliwa wa Namasakata kule Tunduru, aliyekulia kwenye mikorosho ya babu yake. Huyo kijana ndiye aliyenipokea. Nilipoketi kwenye kiti nikaangalia mlango, naye akageuka akauangalia pia, akafikiri kidogo.

"Tukubaliane," akasema. "Ukiinua mkono, naacha. Hata nikiwa nimebakiza kidogo tu. Sitauliza kwa nini."

Kwa wiki tatu alisafisha mizizi ya lile gego, ganzi baada ya ganzi, na niliinua mkono mara nyingi hadi aibu ikaniisha. Kila mara aliacha. Kila mara aliondoa kila kitu, akasubiri, akaniuliza kama mahindi ya nyumbani yamekauka. Karibu nianze kumwamini. Kisha akasema jino lile sasa limebaki kuta tupu.

"Likivikwa kofia ngumu, utalitafunia miaka. Lisipovikwa litapasuka hadi chini ya fizi, na hapo hakuna la kufanya ila kung'oa."

"Kofia inapatikanaje?"

"Nalisaga kidogo pembeni, nachukua umbo lake, natuma Dar es Salaam. Wanachonga, wanatuma, navisha."

Katika maneno yote hayo nilisikia mawili tu.

"Unachukuaje umbo?"

Akaanza kucheka. "Shusha mkono, dada. Sijaanza hata kitu."

Sikujua kwamba nilikuwa nimeuinua.

Ndipo aliponionyesha kamera. Ilikuwa kama tochi nene, na kwenye ncha yake kulikuwa na kioo kidogo kilichoinama. Akasema inapitishwa juu ya meno bila kuyagusa, inapiga vipicha vingi mno na kompyuta inaviunga hadi jino lizima linasimama kwenye skrini. Hakuna uji. Hakuna trei. Hakuna cha kuganda. Nilitaka kuibusu ile tochi.

Daktari mzee alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Meno ya mji huu nimeyachukua kwa unga tangu wewe hujaota hata la kwanza," akamwambia kijana. "Hiyo ni simu kubwa tu."

"Mzee, si tulikubaliana tuijaribu?"

"Tulikubaliana. Na unga bado uko kabatini."

Usiku ule neno *kabatini* halikutoka masikioni mwangu.

Asubuhi ya kupigwa picha, ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye madirisha. Daktari kijana alikuwa na mashaka kunizidi, ingawa alijitahidi kuyageuza kuwa somo. Aliiweka kamera kwenye kijikebe chake ili ijipime upya, kwa sababu baridi ya chumba ilikuwa imeigusa. Akaiacha ipate joto, maana kioo baridi kikikutana na pumzi ya moto kinapata ukungu na kamera inakuwa kipofu. Akafunga pazia, akaigeuza taa kubwa ikatazama ukuta. "Mwanga mwingi unaidanganya," akasema. Jino langu la jirani lilikuwa limezibwa kwa madini miaka ya nyuma, na lilikuwa linang'aa. Hilo nalo lilimkera, akasema atalipita kwa pembeni.

"Nitachukua upande huu mmoja tu. Safari ikiwa ndefu kosa linakua. Ni kama fundi anayeunga vitambaa: kimoja kikipinda, vinavyofuata vyote vinapinda nacho."

"Na mimi nifanye nini?"

"Ulimi ulale. Mashavu yatulie. Na mate." Akaonyesha mrija wa kufyonza. "Adui mkubwa ni mate. Kamera haijui kutofautisha mate na jino. Ikiona dimbwi, inachora dimbwi kama jino."

Sikumwambia kwamba mimi nikiogopa nasikia kichefuchefu, na kichefuchefu changu huja na mate kama bomba lililofunguliwa. Mwili wangu wenyewe ulikuwa umebeba kila kitu ambacho ile mashine haikitaki: pumzi za haraka, ulimi usiotulia, mate. Ilihitaji kinywa cha mtu asiyeogopa, na kinywa nilichokuja nacho kilikuwa hiki.

Akalisaga jino pembeni kama alivyosema, akalizungushia uzi mwembamba ili kuisukuma fizi, akapanga pamba kila upande, akapuliza hewa. Kamera ikaingia. Ilikuwa na mlio, tik-tik-tik, kila ilipokamata picha. Ikipotea inanyamaza. Nilijifunza jambo hilo kwa haraka sana, na kuanzia hapo mlio ule ukawa ndio uhai wangu: tik-tik, bado tuko salama, kimya, bakuli la mpira. Alianza juu ya jino, pale pa kutafunia. Akainamisha kuelekea ulimi. Tik-tik-tik. Nilikuwa nimeshika mikono ya kiti na kucha zangu zilikuwa zimeingia kwenye ngozi yake.

Hapo ndipo pazia la mlango liliposogezwa na sauti ikasema, "Tumsifu Yesu Kristo!"

Ilikuwa sauti ya Sista aliyetufundisha darasa la pili, sasa mstaafu, mwenye meno ya bandia yaliyokuwa yanamkwaruza. Kwake salamu ile ndiyo hodi. Alipokuwa akiingia darasani hakugonga. Alisalimu, na asiyeitikia alisimama nyuma ya darasa hadi mapumziko, adhabu ambayo mji mzima uliijua. Mimi nimesimama nyuma ya darasa lile. Ninaujua ukuta wake, hadi pale rangi ilipokuwa imebanduka.

Kinywa changu hakikuniomba ruhusa. Kiliitikia.

"Milele, amina!"

Au kilichofanana nalo. Midomo ilifunga juu ya kamera. Ulimi ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, ukaburuta mate yote yaliyokuwa yamezuiwa na pamba na kuyamwaga juu ya ule upande uliokuwa ukipigwa picha. Na daktari wangu, Mwislamu wa Tunduru ambaye hakuwa na deni lolote na "milele amina," alisema, "Shikamoo, Sista," na akainama kidogo kama alivyolelewa kuinama mbele ya mtu mzima. Mkono wenye kamera ukainama naye.

Kimya. Hakuna tik hata moja.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe una mtu!" Sista alisogea akanitazama usoni, akanitambua, akafurahi. "Ni wewe! Unaona? Bado unaitikia vizuri." Akatoka akaketi kwenye benchi la nje.

Daktari akapuliza hewa haraka, akafyonza, akarudisha kamera. Tik-tik. Kwenye skrini jino langu lilikuwa limesimama jeupe, na upande wa ulimi, chini karibu na fizi, palikuwa na shimo jeusi. Akapita mara moja. Shimo likajifunga lenyewe, laini, kana kwamba halikuwahi kuwapo.

"Umetikisika?" akauliza, kama mtu ambaye hakuwa ameisikia "milele amina" yangu.

Nilielewa swali. Nilielewa pia kwamba pale chini ya uzi nilikuwa naonja damu, kwamba kurudia kungechukua muda, kwamba mzee alikuwa chumba cha pili na bakuli lilikuwa kabatini. Nikatikisa kichwa: hapana.

Yeye hakuniangalia. Alikuwa akiangalia pale shimo lilipokuwa. "Basi sawa," akasema, na akatuma picha Dar es Salaam.

Nilikaa siku kumi na kofia ya muda ya plastiki na uongo wangu. Ulimi ulikuwa unakwenda kwenye lile jino kila dakika, upande ule ule, kama mtu anayerudi kuhakikisha kama amefunga mlango. Nilijaribu kuandika, nikaishia kuchora meno pembeni mwa karatasi. Mama alinipikia vitu laini, ugali na mboga za majani ambazo nyumbani tunaziita likolo, na siku moja mchana, akiwa ameketi kizingitini na ungo wa maharage mapajani, aliuliza bila kuinua macho:

"Huko kliniki, walikushika mikono?"

"Hapana, mama."

"Hakuna aliyekushika?"

"Hakuna. Nikiinua mkono daktari anaacha."

Aliendelea kuchambua. Niliona kwamba maharage yale alikuwa ameshayachambua; hayakuwa na jiwe hata moja, naye alikuwa anayaanza upya.

Kofia ilikuja ndani ya kisanduku kidogo, nzuri kuliko jino lolote nililozaliwa nalo. Ilikuwa na vijibonde vyake, na rangi iliyofifia kidogo chini kama meno ya kweli. Daktari akaivisha. "Uma." Nikauma. Ikakaa. Nikaanza kushukuru kimoyomoyo, watakatifu mmoja mmoja.

Kisha akachukua kijichuma chenye ncha kali na kukizungusha pale kofia inapokutana na jino. Upande wa shavu, kimya. Mbele, kimya. Nyuma, kimya. Upande wa ulimi: kik.

Akarudi. Kik.

Akaivua, akaitazama kwenye mwanga, akaivisha tena. Kik. Sauti ilikuwa ndogo sana na niliisikia kwenye magoti.

"Kuna nafasi," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nikiigundisha hivi, chakula na maji vitaingia hapa. Jino litaoza chini ya kofia. Na kwa kuwa halina tena mshipa wa kuuma, hutajua chochote mpaka siku litakapotoka na kofia yake."

Mzee aliitwa. Aliingiza kijichuma mara moja tu. Hakufoka. Alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Tuchukue kwa unga," akatoka. Nikasikia kabati likifunguliwa. Nikasikia maji yakimiminwa, na baada ya maji, mlio ninaoujua kuliko wimbo wowote: kijiko bapa kikikoroga ndani ya bakuli la mpira, tap, tap, tap, kikiharakisha kabla unga haujaganda. Ile harufu ya peremende ikafika kabla yake. Pua yangu ikaziba papo hapo. Nilikuwa na miaka tisa. Nilitafuta kalenda ukutani.

Mzee akaingia na trei iliyojaa. Nikainua mkono.

"Huyu vipi? Sijamgusa."

"Mzee," daktari kijana akasema, "ameinua mkono."

"Nimeona. Unga unaganda."

"Nilimwahidi kwamba akiinua tunaacha."

Mzee alisimama na trei yake. Ule uji ulikuwa unaanza kupoteza mng'ao. Nilijua kwamba nisiposema kitu katika sekunde zile, mkono wangu utachoka na mtu ataushusha. Nikasema, "Nilitikisika. Siku ile ya picha. Sista aliposalimu, niliitikia. Daktari aliniuliza nikamdanganya."

Kisha kijana akavua barakoa yake, na chini yake alikuwa na uso wa mtoto aliyevunja sahani.

"Na mimi niliinama," akasema. "Nilijua mkono umepinda. Niliona shimo, na niliona limejifunga haraka mno. Mashine hukisia palipobaki wazi, mzee, na nikaiacha ikisie. Niliogopa utasema si nilikwambia."

Mzee aliangalia mmoja, akaangalia mwingine. Trei ilikuwa imeganda kabisa mkononi mwake. Akaipindua na uji haukudondoka.

"Watu wazima wawili," akasema. "Sista amewasimamisha nyuma ya darasa wote wawili." Akaitupa ile trei kwenye sinki. Lakini aliponigeukia hakuwa anacheka. "Fizi leo imechubuka, hatuwezi kupiga picha yoyote. Njoo baada ya wiki. Utapigwa mara moja. Ikishindikana ni unga. Ukikataa unga, ni koleo, kwa sababu jino lililosagwa halikai uchi likisubiri ujasiri wako. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Wiki nzima nilimwelewa.

Siku yenyewe nilifika kabla kliniki haijafunguliwa. Watu walipoanza kukusanyika kwenye benchi nilifanya jambo nililolipanga kwa siku saba: niliwasalimu wote. Mmoja mmoja, kwa ukamilifu, bila haraka. Shikamoo kwa bibi aliyefunga shavu kwa kitenge. Shikamoo kwa mzee wa Namtumbo mwenye tumbaku kwenye vidole, pamoja na habari za nyumbani, za shamba, na za safari. Sikutaka kuingia kwenye kile chumba nikiwa na salamu ya mtu yeyote shingoni. Sista naye alikuwepo. Meno yake yalikuwa bado yanamkwaruza.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele, amina. Mbona unatetemeka?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akiwa ameshika kidevu. Nilipofika kwenye jino kuoza chini ya kofia, akafumba macho.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeharibu."

"Hapana, Sista. Wewe ulisalimu tu."

"Nikisalimu leo hutaitikia?"

"Sitaweza, Sista. Naomba radhi kabla."

"Basi itikia sasa, ya leo yote. Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina."

"Na ya jioni?"

"Milele, amina."

Akaburuta kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya mlango wa chumba cha daktari, akaketi akiwa ametugeuzia mgongo. "Ingia. Hapa hapiti mtu wala neno."

Ndani palikuwa na giza la pazia. Kamera ilikuwa imeshapata joto. Mzee alisimama pembeni safari hii, mikono nyuma. Uzi, pamba, hewa. Tik-tik-tik. Juu ya jino, salama. Upande wa shavu, salama. Kisha ikainamia kuelekea ulimi, na nikaanza kuzama.

Ilikuwa pua. Baridi ya asubuhi na machozi niliyodhani nimeyazuia vilikuwa vimekutana ndani yake, ikaziba upande mmoja, kisha wa pili. Nilijaribu kuvuta hewa pembeni mwa kamera na pumzi yangu ikapaka ukungu kwenye kioo. Tik. Tik. Kimya. Mate yalikuwa yanapanda. Nje nikasikia nyayo na sauti ya mwanamke ikianza, "Tumsifu..." na Sista akamkata: "Nyamaza! Kuna picha." Ningecheka. Kifua hakikuwa na hewa ya kucheka. *Mara moja,* mzee alikuwa amesema. Nikiinua mkono nimeiharibu ile mara moja. Nisipoinua nitafunga mdomo juu ya kamera kama mnyama, na itakuwa vile vile, tena kwa mara ya pili.

Niliinua mkono.

Kila kitu kikatoka. Kamera, mrija, vidole. Niliketi, nikapenga kamasi kwa kitambaa, nikavuta hewa mpaka ikauma. Sikuthubutu kumtazama mzee. Nilikuwa nasubiri kabati lifunguliwe.

"Pole," daktari kijana akasema. "Chukua muda wako."

"Si imeshaharibika?"

"Kwa nini iharibike? Inakumbuka ilipoishia." Akanigeuzia skrini. Jino langu lilikuwa pale, jeupe, limekamilika pande zote isipokuwa upande wa ulimi, ambako palikuwa na wingu la takataka: kipande cha ulimi, dimbwi la mate. Akalizungushia wingu lile mstari kwa kidole, akalifuta. Likatoweka, na mengine yote yakabaki. "Kipande kibaya nakitoa, nakipiga upya. Inatambua meno ya jirani na kuendelea. Ni dakika moja."

Dakika moja. Nilimwangalia. Siku ile ya kwanza, kama ningetikisa kichwa upande mwingine, ingekuwa dakika moja. Naye alikuwa analifikiria hilo hilo, kwa sababu aliinamisha macho.

"Tayari?"

Nikaangalia mlango. Mgongo wa Sista ulikuwa umeujaza, mpana, wa kijivu. Nikafungua mdomo.

Tik-tik-tik-tik. Haikunyamaza. Ilipita chini kabisa, pale pa kik, ikarudi, ikapita tena.

Mzee aliikuza picha mpaka jino likajaza skrini nzima, akafuata kwa ukucha mstari ule ambapo jino linakutana na fizi. Aliuzunguka wote. Haukukatika mahali. Alikwenda kwenye meza, akalichukua bakuli la mpira lililokuwa limeandaliwa pembeni ya kopo la unga, akalirudisha kabatini likiwa kavu.

Kofia ya pili ilipokuja, kijichuma kilizunguka kimya. Kilizunguka tena. Nilikuwa nimejikunja kusubiri ule mlio kiasi kwamba aliposema "Imekaa" sikumwelewa, akalazimika kurudia. Akaigundisha. Nikauma pamba kwa muda mrefu, na nilipotoka nje nilirudi Mfaranyaki kwa miguu, ulimi ukiwa umelala pembeni ya kitu laini, kisicho na ukingo.

Mama alikuwa ukumbini na ungo. Akauweka chini.

"Nionyeshe."

Hakuwahi kuniomba hilo. Alichukua simu, akawasha tochi yake. Niliangalia mlango, kwa sababu bado ninauangalia, uko kushoto, ulikuwa wazi. Kisha nikafungua mdomo, hadi nyuma. Mama alisogea karibu mpaka nikasikia pumzi yake. Mkono mmoja ulishika tochi. Mwingine aliuficha nyuma ya mgongo, ndani ya pindo la kitenge chake.

Alitazama muda mrefu kuliko jino moja linavyohitaji.

"Siku ile," akasema, "nilidhani nikikuangalia nitakuachia."

Sikuweza kumjibu, mdomo ulikuwa wazi na ulimi umelala. Nikainua mkono, na mama akazima tochi.